Ndala ilichomoka bila yeye kujua: fistula ya mishipa ya damu mgongoni iliyotibiwa kama kichocho

Umri, kazi na tarehe za mgonjwa vimebadilishwa asitambulike, na hospitali zilizohusika hazitajwi. Yeye na mkewe wameridhia kisa kiandikwe. Mimi ni daktari wa radiolojia, yaani msomaji wa picha za vipimo. Niliingia katika kisa hiki mwezi wa 12 wa ugonjwa, picha mbili za MRI (kipimo cha mashine ya sumaku) zikiwa zimeshapigwa na kusomwa.

Maneno mawili ya lugha kwanza. "Uti wa mgongo" hapa ni kile kigwe laini cha neva kinachoshuka kutoka kwenye ubongo. Mifupa inayokizunguka nitaiita pingili. Na "fistula" hapa si ile ya uzazi; ni muungano usiopaswa kuwapo kati ya mishipa ya damu.

Mgonjwa na miezi yake kumi ya kwanza

Ni mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mnunuzi wa dagaa katika kanda ya Ziwa. Ujanani alivua, akaoga na kuogelea ziwani kila siku, na alishawahi kutibiwa kichocho zaidi ya mara moja. Hakuwa na kisukari, presha yake ilikuwa ya kawaida, na hakuwa ameanguka wala kugongwa.

Ugonjwa ulianza kwa jambo dogo. Kutoka mwaloni hadi nyumbani kwake ni mwinuko wa dakika kama 20. Akifika katikati miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Akikaa kidogo nguvu zilirudi, akaendelea. Kwenye zahanati aliambiwa ni mgongo wa umri, akachomwa sindano za diklofenaki na kupewa vidonge vya vitamini. Mwezi wa 4 nyayo zikaanza kufa ganzi. Mwezi wa 5 mkojo ukawa unasita. Akaenda hospitali nyingine, wakakuta tezi dume imekua kidogo, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikiwa ya kawaida, akaanzishiwa tamsulosini, dawa ya kurahisisha mkojo kutoka. Miguu ikatibiwa kwingine na mkojo kwingine, na matatizo hayo mawili hayakuwahi kuandikwa kwenye daftari moja.

Mwezi wa 7 alipigwa MRI ya kiuno katika kituo binafsi cha vipimo. Jibu lilisema diski kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno imebonyea. Akapelekwa mazoezi ya viungo, na kila baada ya mazoezi alirudi nyumbani miguu ikiwa dhaifu kuliko alivyoondoka. Aliwaeleza. Akaambiwa avumilie, misuli itazoea.

Kilichomtisha hatimaye ni ndala. Alikuwa akitembea sokoni, mtoto akamkimbilia kutoka nyuma akimwita, "Babu, ndala yako!" Ilikuwa imemtoka mguuni hatua nyingi nyuma na hakuhisi kitu. Mkewe ndiye aliyeamua siku hiyo kwamba sasa ni hospitali ya rufaa.

Wodini

Aliyempima aliandika vizuri sana. Nguvu za miguu ni 3 kati ya 5. Ganzi inaanzia usawa wa kitovu kushuka chini. Goti likigongwa kwa nyundo mguu unaruka kupita kiasi, lakini kifundo hakijibu kabisa. Kidole gumba kinanyanyuka unyayo ukikwaruzwa. Baada ya kukojoa, bado kibofu kimebakiza zaidi ya mililita 400. Maana yake tatizo limo ndani ya uti wenyewe, na limegusa mpaka ncha yake ya chini. Diski ya kiuno haiwezi kuleta ganzi ya kitovu.

Vipimo vya VVU na kaswende vilikuwa hasi, vitamini B12 ilikuwa ya kutosha, na eksirei ya kifua haikuonyesha kifua kikuu. Kipimo cha kichocho kilikuwa chanya. Maji ya mgongo yalikuwa na protini iliyopanda kidogo na seli chache.

Kisha MRI ya kifua ikapigwa, bila kontrasti (dawa ya kuifanya mishipa ionekane kwenye picha) kwa sababu siku hiyo haikuwapo. Fomu ya kuombea kipimo iliandikwa: "Kichocho cha uti wa mgongo? Angalia uvimbe." Jibu likarudi kama lilivyoulizwa: uti umevimba na kung'aa kuanzia pingili ya 7 ya kifua hadi ncha yake, yawezekana ni kichocho au uvimbe wa kinga ya mwili.

Uamuzi wa tiba haukuwa wa kubahatisha, na ni muhimu uelezwe kwa haki. Kichocho cha uti wa mgongo kipo, hupenda sehemu ya chini ya uti, na kikicheleweshwa kinaacha ulemavu. Tiba yake ni prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, pamoja na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Mtu wa Ziwa, kipimo chanya, uti umevimba chini: mantiki ilikuwa imekamilika. Steroidi ikaanzishwa kwa dripu, methiliprednisoloni gramu 1 kwa siku.

Yaliyofuata yamo kwenye kumbukumbu za wauguzi. Siku ya kwanza, dawa imeanza saa 4 asubuhi. Saa 1 jioni sista ameandika: "Mgonjwa ameshindwa kusimama kando ya kitanda. Asubuhi alisimama mwenyewe." Siku ya pili: "Hawezi kuinua visigino kitandani." Kwenye raundi ilichukuliwa kwamba ugonjwa umeitangulia dawa, kwa hiyo dozi ya tatu ikatolewa. Jioni ya siku ya tatu daktari kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alisoma kurasa zile kwa kurudi nyuma, akalinganisha saa ya dawa na saa ya miguu kuisha nguvu, kisha akamwuliza mkubwa wake: je, kama dawa ndiyo inayomwangusha? Steroidi ikasimamishwa usiku ule. Asubuhi nikapigiwa simu.

Picha zilipofunguliwa tena

Ndugu walikuwa wametunza CD zote mbili kwenye bahasha ya kaki. Nilianza na ya kifua.

Kwenye picha za T2, aina mojawapo ya picha za MRI, maji huonekana meupe. Uti wenye afya ni wa kijivu, umezungukwa na maji meupe kila upande. Uti wa mgonjwa huyu ulikuwa mweupe katikati kwa urefu wa zaidi ya pingili sita, na pembezoni umebaki na ukingo mwembamba mweusi. Hayo mwenzangu aliyeisoma kwanza aliyaona. Ambayo hayakuandikwa yalikuwa nyuma ya uti, ndani ya maji: vidoti vyeusi vidogo, vimepangana kama shanga zilizotungwa ovyo, kuanzia juu ya sehemu iliyovimba hadi karibu na ncha.

Damu inayokwenda kasi huonekana nyeusi kwenye picha hizo, kwa sababu inaondoka kwenye eneo linalopigwa kabla mashine haijakusanya ishara yake. Ugumu ni kwamba maji ya mgongo nayo hudundadunda na mapigo ya moyo, na mdundo huo huacha vivuli vyeusi nyuma ya uti wa kifua kwa watu wengi wazima kabisa. Kila msomaji wa MRI amevizoea na amejifunza kuvipuuza. Tofauti iko kwenye kingo. Vivuli vya maji ni vikubwa, vina ukungu, na havina mwanzo wala mwisho wa wazi. Mishipa ni midogo, ina kingo kali, inajipinda, na ukihama kutoka picha moja hadi ya pili unaweza kuifuata.

Hii niliweza kuifuata. Nikafungua CD ya kiuno ya mwezi wa 7. Pale juu kabisa, kwenye kona ambako picha inaishia, ncha ya uti ilikuwa tayari imeng'aa. Miezi mitano kabla. Niliiangalia kwa muda mrefu.

Sikuandika jibu jipya na kulituma. Nilishuka wodini. Nikamwamkia, nikakaa, nikamwuliza, "Mzee, hebu niambie, ukipumzika huwa inakuwaje?" Akasema, "Zamani ilikuwa inarudi yenyewe, mwanangu. Nikitembea inakimbia, nikikaa inarudi." Historia ilikuwa hiyo tangu mwezi wa kwanza.

Ugonjwa wenyewe

Unaitwa fistula ya ateri na vena ya dura, dura ikiwa utando mgumu wa nje unaofunika uti. Mahali ambapo mzizi wa neva unatoboa utando huo, ateri ndogo (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) inajiunga moja kwa moja na vena (mshipa unaoirudisha) bila kapilari, yaani vile vishipa vyembamba, katikati. Piga picha bomba la maji ya shinikizo limeungwa kwenye mtaro wa mtaa. Nyumba hazifuriki kwa kuwa bomba limepasuka ndani yake, ila kwa kuwa mtaro umejaa na maji yao hayana pa kutokea. Vena za uti hazina vali za kuzuia, kwa hiyo presha ya ateri inasambaa juu na chini kwa urefu wote, damu inatuama, uti unavimba na kukosa oksijeni. Ncha ya chini huumia mapema bila kujali fistula yenyewe iko wapi. Mwendo huongeza presha hiyo, na kupumzika huipunguza kidogo.

Hili halikujulikana daima. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Ufaransa, Foix na Alajouanine, walieleza vijana wawili ambao uti wao ulikufa polepole ukiwa umefunikwa na vena nene. Kwa miongo mingi wapasuaji waliamini vena hizo ndizo ugonjwa, wakawa wanazibandua kutoka mgongoni mwa uti, yaani wanaondoa njia chache za damu kutokea zilizobaki. Mwaka 1977 Kendall na Logue, mtaalamu wa picha na mpasuaji waliofanya kazi London, walionyesha kwamba tundu, yaani ule muungano wenyewe, liko kwenye dura, kando ya mzizi wa neva, na kwamba kulifunga hapo kunatosha.

Hii ndiyo hitilafu ya mishipa ya uti inayopatikana zaidi, takribani asilimia 70 ya zote, na huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Makadirio ya kimataifa ni watu 5 hadi 10 kwa kila milioni kwa mwaka. Sensa ya 2022 iliihesabu Tanzania kuwa na watu zaidi ya milioni 61. Watu wetu wengi ni vijana, kwa hiyo punguza makadirio hayo kwa nusu, na tena kwa nusu. Bado siwezi kuamini kwamba wachache tunaowaona kwa mwaka ndio wote waliopo. Wengine wako nyumbani, na kwenye daftari zao imeandikwa diski au tezi dume.

Kutafuta tundu

MRI ilirudiwa, safari hii na kontrasti, na picha nyembamba za T2 ambazo vivuli vya maji haviwezi kudanganya. Vidoti vikawa mshipa mmoja unaojipinda nyuma ya uti. Kisha tukapiga MRI ya mishipa inayofuata kontrasti sekunde kwa sekunde: vena ile ilijaa mapema kuliko inavyopaswa, na ilionekana kutokea upande wa kulia, usawa wa pingili ya 6 ya kifua. Uvimbe ulianzia pingili ya 7 na kushuka mpaka kwenye ncha. Angetumwa mpasuaji kufungua palipovimba zaidi, angekuta vena tu.

Ushahidi wa mwisho ni angiografia ya katheta, yaani picha za mishipa zinazopigwa kwa kupitisha kontrasti kwenye mpira mwembamba ulioingizwa ndani ya ateri, na hapa wiki tano zikapotea. Palihitajika rufaa hadi Dar es Salaam, foleni, na fedha. Familia iliuza mtumbwi mmoja na nyavu zake. Katika wiki hizo tuliagiza mambo mawili tu: hakuna steroidi, na hakuna kuchomwa tena mgongoni kutoa maji, kwa sababu kupunguza presha ya maji hayo nako kunaweza kumzidishia.

Katheta iliingizwa kwenye ateri ya paja hadi aota, mgonjwa akiwa usingizini ili pumzi zisitikise picha. Kazi ilichukua zaidi ya saa 3, kwa sababu lazima kila ateri inayotoka kuelekea pingili ijazwe kontrasti peke yake, kulia na kushoto, moja baada ya nyingine. MRI ilikuwa imetupa mahali pa kuanzia, tukaanzia hapo. Pingili ya 6 kulia ilipojazwa, fistula ikaonekana katika sindano ya kwanza: kifundo kidogo cha mishipa chini ya shingo ya pingili, halafu vena moja inayoingia ndani na kushuka.

Wapo waliotaka tuishie hapo. Tuliendelea kwa sababu mbili. Fistula yaweza kuwa na ateri nyingine inayoilisha kutoka jirani. Na lazima ujue ilipo ateri ya Adamkiewicz, ile kubwa inayolisha sehemu ya chini ya uti, ambayo hupanda kisha kupinda ghafla kama kibanio cha nywele. Ikitokea shina moja na fistula, gundi ya kuizibia fistula ikipita humo mgonjwa anapooza kabisa. Tuliikuta kushoto, usawa wa pingili ya 10, mbali na hatari. Ilipojazwa tulisubiri vena za uti zionekane zikirudisha damu. Hazikuonekana kwa wakati wake. Uti ulikuwa umeziba kama tulivyosoma, na kuliona kwa macho kulikuwa jambo zito kwetu sote mle chumbani.

Gundi au kisu

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kupitisha gundi ndani ya katheta. Haina kidonda, lakini gundi lazima ifike mwanzo wa vena. Ikiishia kwenye ateri, fistula hujitafutia mlishaji mwingine na kurudi. Ya pili ni upasuaji: kuondoa kipande cha mfupa nyuma ya pingili, kufungua dura, na kuikata vena pale inapoingia. Upasuaji hufaulu kwa karibu wagonjwa wote katika mara ya kwanza, gundi hufaulu kwa wachache zaidi. Katika mgonjwa huyu ateri ilikuwa nyembamba na yenye kona kali, na familia isingeweza kugharamia safari ya pili kama gundi ingeshindwa. Tukachagua kisu.

Wakati wa kuwaeleza, neno "fistula" lilimshtua mkewe. Kwake, kama kwa Watanzania wengi, fistula ni ya wanawake walioumia kwenye uzazi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama mumewe naye atavuja mkojo mbele za watu. Ilibidi tuchore kwenye karatasi bomba na mtaro, na tangu hapo hatulitumii neno hilo kwa ndugu bila kulieleza kwanza.

Mpasuaji alipofungua dura, vena ilikuwa nene na nyekundu kama ateri. Aliibana kwa muda kwa klipu ndogo. Ndani ya dakika chache rangi ikageuka, ikawa ya buluu iliyokoza kama inavyopaswa vena kuwa. Ndipo akaiunguza na kuikata. Vena nyingine hakuzigusa.

Matokeo

Wiki ya pili baada ya upasuaji aliinua visigino. Mwezi wa 3 tangu upasuaji alitembea na magongo mawili, na MRI ya mwezi wa 4 ilionyesha uvimbe umepungua sana na vidoti vyeusi vimetoweka. Mwezi wa 8 alitembea kwa fimbo moja hadi mwaloni na kurudi, akipumzika mara moja njiani. Kibofu hakijarudi. Anajitoa mkojo kwa mpira mara nne kwa siku, na mkewe ndiye aliyejifunza kwanza, kisha akamfundisha yeye.

Tulichokisoma ndani yake

Kilichotuponza zaidi, kwa maoni yangu, ni fomu. Ilimwambia msomaji atafute kichocho, naye akatafuta kichocho. Mwenzangu aliyeisoma ni mtu makini, na kwa fomu ile sina uhakika ningeona tofauti. Laiti ingeandikwa "miguu inaisha nguvu akitembea, inarudi akipumzika, miezi 11, mkojo unabaki", jicho lingekwenda nyuma ya uti lenyewe.

Kipimo chanya cha kichocho kwa mtu aliyekulia Ziwani kinasema amewahi kukutana na kichocho, na hilo tulilijua kabla ya kupima. Hakisemi kwamba kichocho kimo kwenye uti. Uzito tulioupa haukustahili.

Kuhusu steroidi nina msimamo mkali. Mgonjwa mwenye uti uliovimba kwa urefu, asiye na homa, aliyeumwa kwa miezi, akidhoofika ndani ya saa au siku chache baada ya steroidi, hiyo ni dalili ya kuitafuta fistula mpaka ithibitike haipo. Imeripotiwa mara nyingi duniani na bado inarudiwa. Dozi ya kwanza ilikuwa na sababu. Dozi ya tatu ilitolewa wakati jibu limeshaandikwa kwa kalamu ya sista kwenye faili lililoning'inia kitandani.

MRI ya kiuno peke yake kwa mtu mwenye miguu dhaifu ni mtego. Uti unaishia juu kabisa ya picha hiyo, na msomaji huanza kutazama diski kwa sababu ndizo alizoulizwa. Idarani kwetu sasa ncha ya uti inasomwa kwanza, na ikiwa inang'aa mgonjwa hashuki mezani kabla kifua hakijapigwa.

Kilichofaulu kilitegemea watu kuliko mashine: sista aliyeandika saa, kijana aliyethubutu kuuliza, ndugu waliotunza CD ambazo wengi hutupa. Wiki tano za kusubiri angiografia ndizo sina jibu nazo. Naamini ziligharimu kibofu kile, ingawa huenda kilikuwa kimeshakwenda tangu mwezi wa 5, wakati kilipoitwa tezi dume.

Alipokuja kliniki mara ya mwisho alikuwa amevaa viatu vya wazi vyenye mkanda wa nyuma, amevikaza barabara. Nguvu zimerudi, alisema, lakini nyayo bado haziambii kitu.